Mama Lenny na Treni ya Jibini

Ukitaka kumjua Chepkemoi, mpe mzee aliyekataa kula. Katika nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi, huku Brooklyn Center, Minnesota, wapo wauguzi wenye vyeti virefu kuliko vyake, lakini mzee akifunga mdomo siku mbili mfululizo, anayeitwa ni yeye. Habembelezi. Anavuta kiti, anakaa, anauliza, "Ulipokuwa mdogo, mama yako alikuwa anapika nini siku ya Jumapili?" Mzee anaanza kusimulia viazi, samaki mkavu, mikate myembamba ya Kinorwe, na anapofika kwenye siagi, kijiko kimeshaingia. Miaka kumi na tisa amefanya hivyo, na ameshindwa mara mbili tu. Hao wawili, asema mwenyewe, walikuwa wameshaamua kwenda zao.

Ana miaka sitini na mmoja, mwili mpana, kicheko cha kusikika nyumba ya pili, na goti la kushoto ambalo daktari amelipangia kisu mwezi wa Januari. Jina la Chepkemoi limeandikwa kwenye kitambulisho cha kazi. Kanisani na madukani anaitwa Mama Lenny, kwa ajili ya mwanawe wa pekee anayeishi mji jirani wa Savage na kusimamia ghala moja karibu na mto. Huendesha gari kwenye theluji bila kupunguza sauti ya redio. Daktari akiandika dawa isiyomwingia akilini, humfuata hadi kwenye ngazi amweleze vizuri. Hakuna aliyewahi kumwita mwoga. Ila kila mja na udhaifu wake, na wake ulikuwa huu: hakujua kukataa mzigo.

Mzigo, kwa watu wetu wa huku, ni sheria isiyoandikwa. Ukisikika tu kwamba unasafiri kwenda nyumbani, nafasi iliyo katika masanduku yako si yako tena. Utaletewa viatu vya mpwa, miwani ya bibi, vitamini za mtu usiyemjua, na simu iliyofungwa ndani ya soksi. Hukatai. Ukikataa leo, kesho ni wewe utakayetaka kumpelekea mama yako sweta, nawe utajibiwa vile vile ulivyojibu. Na Mama Lenny alikuwa mbebaji hodari kuliko wote, kutoka Brooklyn Center hadi Columbia Heights. Hakuwahi kupoteza hata kifungo. Hakuwahi kuchungulia bahasha ya mtu. Akifika Eldoret hukodi gari, akazungusha mizigo nyumba kwa nyumba, akanywa chai vikombe thelathini, na likizo yake inaishia hapo.

Ndiyo sababu alikuwa ameikosa Bra mara mbili.

Bra ni mji mdogo wa kaskazini mwa Italia. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Septemba, mitaa yake hugeuka soko la jibini. Wachungaji hushuka kutoka milimani na jibini zao, za ng'ombe, za mbuzi, za kondoo, nyingine zina ukungu wa kijani kama ukuta wa bafu, na watu hupita meza hadi meza wakionja. Mtoto wa Kikalenjin aliyelelewa kwa mursik, maziwa ya kibuyu yaliyogandishwa kwa masizi ya mti, hawezi kusikia kuna mji unaofanyia maziwa sherehe ya siku nne kisha akatulia. Chepkemoi hakutulia.

Yote hayo yalianzia kwenye kitunguu. Miaka tisa iliyopita alikuwa akirudi kutoka Kenya mwezi wa Novemba, ndege ya kuunganisha ikaahirishwa, akalazwa Zurich kwenye hoteli yenye mkate uliofungwa kwa karatasi. Akamwuliza kijana wa mapokezi kama nchi hiyo ina chakula kingine. Kijana akamwambia kesho ni siku ya soko la vitunguu mjini Bern, na treni inachukua kama saa moja. Alfajiri akaenda. Akakuta vitunguu vimesukwa mashada marefu kama nywele za wasichana wa shule siku ya kufungua muhula. Akala kipande cha mkate wa vitunguu kilichomchoma ulimi. Kwa sababu ya baridi, akanunua kikombe cha kitu cha moto kilichonukia mdalasini na karafuu, akakinywa kwa pupa, na ni kufikia kwenye machicha ndipo alipotambua kwamba ni divai. Yeye, mtu wa ushirika wa akina mama! Alitubu Jumapili iliyofuata, lakini alitubu kwa kifupi.

Kilichomteka zaidi kilikuwa treni ya kurudi. Alikaa mezani karibu na dirisha, kipande kingine cha mkate mbele yake, milima inapita, na kwa saa nzima hakuna binadamu aliyemwomba kitu. Alifurahi mpaka akaogopa kidogo.

Tangu siku hiyo alisoma ratiba za treni za Ulaya jinsi wengine wanavyosoma Zaburi. Angekuambia soko la samaki wa Helsinki huwa mwezi gani, na sherehe ya malimau ya Menton ni mwendo wa dakika ngapi kutoka Nice. Aliapa akistaafu atakwenda sherehe moja kila mwaka, lakini ya Bra hataisubiri mpaka astaafu. Mara ya kwanza alikuwa ameshakata tiketi, mwanakwaya mmoja akaja na kiti cha magurudumu cha baba yake. Mara ya pili lilikuwa gauni la arusi, na arusi haingojei. Mara zote mbili alibadilisha tiketi, akaenda Eldoret, akashukuriwa sana. Mara zote mbili, Jumamosi ya sherehe ya Bra ilimkuta sebuleni mwa mtu akiulizwa kama Minnesota kuna baridi.

Mwaka huu alisema basi. Goti linafunguliwa Januari, na sherehe ya baadaye ingemkuta ana miaka sitini na mitatu na chuma mguuni. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanunua tiketi ya ndege kutoka Minneapolis hadi Amsterdam, ile isiyorudishwa, na baada ya hapo treni nne: Amsterdam hadi Basel, Basel hadi Milano, Milano hadi Turin, Turin hadi Bra. Viti vyote vya dirishani.

Kisha akafanya kosa, nami sitamfichia. Siku moja walikuwa wakiosha vikombe jikoni mwa kanisa, yeye na Wambui, katibu wa ushirika, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na kitasa. Wambui akamwuliza mbona ameomba likizo Septemba. Chepkemoi akasema, "Naondoka tarehe kumi na sita, napitia Amsterdam." Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini kwa Mkenya wa Minnesota, Amsterdam si mji. Ni mlango wa uani wa nyumbani; hakuna anayeshuka pale ila kubadilisha ndege ya Nairobi. Chepkemoi alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Angeweza kuongeza maneno matatu tu. Alichukua andazi, akatafuna.

Jumapili, wakati wa matangazo, Wambui alisimama na karatasi yake. "Mama Lenny anatuendea nyumbani mwezi ujao. Mwenye mzigo ajipange mapema, na tafadhali, wapendwa, msilete vitu vizito."

Wapendwa walileta vitu vizito. Alianza mama mmoja na jozi sita za viatu vya mpira. Akafuata mwingine na kitenge cha kushonewa sare, mwingine na mashine ya kupima shinikizo la damu, na fundi mmoja wa mabomba akaleta kichwa cha mfereji, cha shaba, kwa nyumba anayojenga Kericho, kana kwamba Kericho haijawahi kuona mfereji. Kila aliyekuja alikaribishwa chai. Kila mara Chepkemoi alifungua kinywa aseme, na kila mara kinywa kikasema, "Weka hapo, mama, nitafikisha." Baada ya wiki mbili hakuona runinga yake.

Lenny alipokuja Alhamisi kumtazama mama yake alisimama mlangoni. Lenny anaelewa Kiswahili chote, hata cha matusi, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Mom, what's all this?"

"Mizigo ya watu."

"But you're going to Italy."

"Najua ninakoenda, Lenny."

"So call them. Just say no."

"No!" Mama alipandisha sauti. "Wewe unadhani hiyo 'no' yenu ya herufi mbili inatosha? Hiyo ya kwetu inachukua ukoo mzima!"

Lenny akacheka kidogo, kisha akaacha. Akaketi juu ya sanduku la mtu. "You did this last time," alisema kwa upole. "And the time before." Akatoka kwenda kuangalia mafuta ya gari la mama yake.

Yale maneno yalimwuma kwa sababu yalikuwa ya kweli na yalisemwa bila ukali. Alichukua simu. Alikwisha kutazama mara tatu wiki hiyo gharama ya kutoka Amsterdam hadi Nairobi, na ukurasa ulikuwa bado umefunguka, ukimngoja. Alijiona mjinga. Mwanamke anayemkimbiza daktari kwenye ngazi anashindwa na viatu vya mpira! Hasira ikampanda, hasira safi, akaufunga ukurasa ule, akafungua kikundi cha kanisa akaandika: "Wote wenye mizigo kwangu, karibuni chai Jumamosi saa kumi. Msikose." Akatuma kabla kidole hakijabadili nia.

Jumamosi walifika watu kumi na wanane, kumi na watano wenye mizigo na watatu walionusa chapati. Alikuwa amepika chapati, maharagwe ya nazi na chai ya tangawizi, na katikati ya meza ameweka ubao wenye jibini tatu za dukani, ambazo hakuna aliyezigusa. Waliposhiba kiasi cha kusikiliza, alisimama.

"Jamani, nimewakosea. Mlidhani naenda Kenya, nami nikanyamaza. Siendi Kenya."

Akausogeza ubao wa jibini mbele yao.

"Nashuka Amsterdam. Napanda treni hadi Basel, napanda nyingine hadi Milano, nyingine Turin, na ya mwisho inanipeleka mji unaoitwa Bra. Kuna sherehe ya jibini. Naenda kula."

Wambui ndiye aliyecheka wa kwanza, akidhani ni mzaha, na ndiye aliyeacha wa kwanza. "Mama Lenny, kuna seminar ya kazi huko?"

"Hakuna."

"Una mgonjwa?"

"Sina. Ni jibini."

"Jibini si hii hapa?" Wambui alinyoosha mkono mezani. "Ime-travel yenyewe ikatufuata mpaka Brooklyn Center! Wewe unaifuata wapi tena?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Chepkemoi akacheka pia, maana lilikuwa jibu zuri. Lakini Wambui hakuwa amemaliza. Alisema kwa uchungu wa kweli kwamba nyumbani kuna wazee wanangoja dawa na watoto wanangoja viatu, na mtu mzima anawaacha aende kula barabarani na wazungu. "Watu wakisikia huko watasema nini, dada yangu?"

"Watasema Chepkemoi ameshiba," alijibu. Kisha sauti yake ikashuka. "Wambui, ngoja nikuambie kitu. Baba yangu alikuwa mpishi wa treni. Behewa la chakula, Nairobi kwenda Kisumu, miaka ishirini na saba. Alipika supu treni ikipanda milima na haikumwagika. Tulikaa Londiani, kando ya reli hiyo, akija alituletea mabaki kwenye karatasi. Siku moja akaleta kipande cha kitu cha manjano, mama akadhani ni sabuni, akafulia nguo. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Hiyo ndiyo jibini yangu ya kwanza. Haikutoa povu."

Watu walicheka tena, lakini polepole.

"Mimi nikamwuliza, baba, kwenye treni wewe hukaa dirisha la upande gani? Akaniambia mpishi hana dirisha. Mpishi hula amesimama. Alistaafu hajawahi kukaa hata siku moja kwenye meza aliyokuwa akiitandika mwenyewe." Alipangusa mikono kwenye leso yake, ingawa ilikuwa mikavu. "Mimi nimelisha watu miaka kumi na tisa. Nimewabebea ninyi kila kitu, na sijuti hata kimoja. Lakini mwezi huu naenda kukaa. Nataka kiti, nataka dirisha, nataka mtu aniletee sahani mimi. Mizigo yenu ile pale. Kila mmoja abebe wake."

Wa kwanza kuusogelea ubao alikuwa Aidarus, mwenye duka la viungo huko Columbia Heights, mtu wa Mombasa, aliyekuja na kifurushi cha hina cha kupelekewa dada yake. Alikata kipande cha jibini, akakitafuna kwa makini huku watu wanamtazama.

"Hii ikipata tende, ni chakula," alisema. "Mimi nasafiri mwezi wa kumi, inshallah. Vidogo vidogo nitavichukua, vya Eldoret vitapanda basi kutoka Mombasa. Lakini huo mfereji, ndugu yangu, huo utausafirisha kwa meli."

Basi hapo ikawa shughuli. Vya Aidarus vikatengwa upande mmoja, vingine vikarudishwa magarini. Wengine walimkumbatia Chepkemoi, wengine walimpa mkono baridi, na fundi wa mabomba alitoka na mfereji wake bila kuaga. Wambui aliondoka amenuna. Lakini mlangoni, alipodhani hakuna macho, alifunga kipande cha jibini ndani ya karatasi ya kupangusia mikono akakitia mkobani. Chepkemoi alimwona, na moyo wake ukawa mwepesi. Sebule ilikuwa pana. Runinga ilionekana.

Mtu mmoja alikuwa bado amekaa. Muriuki, dereva wa basi la kwenda mjini Minneapolis, mjane, hakuwa ameleta mzigo wowote wiki zile mbili, na chai yake ilikuwa imepoa kikombeni. Alingoja gari la mwisho liondoke ndipo akasema.

"Umesema treni yako inapitia Turin?"

"Nabadilisha pale. Nina saa moja na nusu."

Muriuki aliitikia kwa kichwa. Chepkemoi alijua kwa nini Turin, kila mtu alijua. Muriuki ana binti mmoja, Mumbi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza chuo cha uuguzi alipoacha, akaenda Turin kufanya kazi ya upishi katika mkahawa. Baba yake alimwambia kwenye simu, "Sikukuvusha bahari uwe mpishi," akakata. Ikapita miaka minne bila wao kusemezana. Watu, kwa kumwonea haya, walikuwa wameacha kumwita Baba Mumbi. Walimwita Mzee Muriuki, au dereva.

"Amejifungua," alisema sasa. "Mwezi uliopita. Nimesikia kwa watu."

"Mungu asifiwe! Mtoto gani?"

"Msichana."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa uzi, akauweka mezani taratibu. Chepkemoi alisikia mlio wa punje. "Ni njahi," Muriuki alisema. "Kilo mbili. Nimezichagua mwenyewe, moja moja, hakuna jiwe. Mpelekee. Usimwambie mengi. Mwambie zimetoka nyumbani."

Hapo Chepkemoi alikwama. Kati ya mizigo yote iliyopita sebuleni mwake, huu ndio pekee alioutaka. Ulikuwa mdogo, ungeingia mkobani. Turin ilikuwa njiani. Tena mwenye kuomba hakuwa na mtu mwingine wa kumwomba. Alikuwa ameshamwambia kila mtu abebe wake, na sasa mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshanyooka na vidole vimegusa kitambaa.

Kisha akazifikiria zile njahi, chakula cha mama aliyejifungua. Miaka yote hii amekwenda na akina mama wa Kikuyu kuwaona wazazi waliojifungua. Anazijua zile sufuria, maharagwe meusi yenye mstari mweupe, yaliyopondwa na ndizi, na uji kando. Hajawahi kuona yakitumwa. Mtu huenda nayo. Ananawa mikono, anampakatia mzazi mtoto wake ili ale, anampakulia, wanakula pamoja, na mtoto anapitishwa mkono kwa mkono. Njahi zilizotumwa ni maharagwe tu, na maharagwe Turin yapo.

Aliurudisha mkono.

"Baba Mumbi," alisema.

Muriuki aliinua uso kana kwamba ameitwa kutoka mbali.

"Huu siubebi."

"Ni kilo mbili tu, Mama Lenny."

"Zingekuwa kilo hamsini za viatu, ningefikiria. Huu siubebi. Mtoto hatazamwi kwa kutumana. Mimi ni Mkalenjin, na hata mimi najua njahi hupelekwa na mtu mwenye miguu."

"Hatanifungulia mlango."

"Pengine. Lakini nikienda mimi atanifungulia, atanishukuru, atanipa kahawa, na wewe utabaki hapa umejisikia umefanya kitu. Hutakuwa umefanya kitu." Aliyasema bila kupunguza, maana alijua akipunguza ataubeba. "Pasipoti yako ya Amerika umeipata lini?"

"Miaka sita iliyopita."

"Imewahi kutoka kabatini?"

Muriuki aliuchukua mfuko, akaukaza uzi ingawa ulikuwa umekazwa, akautia ndani ya koti upande wa moyo, akavaa kofia yake ya kazi. Alisema asante kwa chai ambayo hakuinywa.

Baada ya hapo Chepkemoi aliosha vikombe kwa fujo mpaka kimoja kikapasuka. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Miaka sitini na mmoja hajui kukataa. Anajifunza mchana mmoja, na wa kwanza kumkatalia ana kwa ana ni mtu ambaye tayari ameinama kwa huzuni! Kama amekosea, Mumbi hatapata hata punje moja kutoka kwa baba yake, na sababu itakuwa yeye. Mara mbili alishika simu kumwambia alete tu ule mfuko. Mara mbili aliiweka chini. Jumapili Muriuki hakuonekana kanisani. Wambui, ambaye alikuwa ameamua kusema naye tena, alimwuliza ile jibini ya rangi ya machungwa inauzwa duka gani, na Chepkemoi alimjibu bila hata kumtania, ndivyo alivyokuwa na mashaka.

Jumanne, saa ya chakula cha mchana, simu ililia akiwa kwenye chumba cha mapumziko.

"Mama Lenny."

"Baba Mumbi."

Nyuma yake palisikika injini za mabasi, karakana ya wapi sijui.

"Nimepewa leave ya siku nane," alisema. "Nimeangalia, ndege yako bado ina nafasi. Kutoka Amsterdam mpaka kwake ni treni ngapi?"

Chepkemoi alikaa. Goti halikuuma hata kidogo. "Tatu," alisema. "Ya nne ni yangu peke yangu, ya kwenda kwenye jibini, na huko sikusindikizi wala hunisindikizi. Na hizo tatu, dirisha ni langu. Usijaribu."

"Sawa. Dirisha ni lako." Akakohoa. "Kuna jambo lingine. Hizi njahi, zinachemshwa kwa muda gani? Aliyekuwa akijua ni marehemu mama yake. Mimi sijawahi kupika kitu maishani."

"Usiniulize mimi. Mimi ni mtu wa maziwa."

"Sasa nitamwuliza nani?"

"Mwulize mpishi," Chepkemoi alisema.

Injini zilinguruma huko alikokuwa. Basi moja lilipiga honi, likaondoka. Chepkemoi alimsikia Muriuki akivuta pumzi kwa pua, mara moja, kisha tena, kama mtu anayepanda kilima.

"Nitamwuliza," alisema.